Kanuni Ikifa, Nia Yake Huhamia Wapi

Kila timu inayotengeneza programu za kompyuta hufikia siku ambapo waandishi wake wawili wameeleza jambo moja kwa namna mbili, na mteja amepiga simu kuuliza kama ni mambo mawili. Mmoja ameandika "ingia kwenye akaunti yako", mwingine "fungua akaunti yako", na mteja aliyekwisha kuwa na akaunti amefungua ya pili. Hapo mtu husema: sasa tunahitaji mwongozo wa uandishi. Na mwenye busara kidogo pembeni yake huongeza: tusianze sifuri, tuchukue uliopo.

Ya kuchukua ipo. Microsoft ilitoa mwongozo wake kama kitabu mwaka 1995, kitabu kikapitia matoleo manne mpaka 2012, kisha mwaka 2018 mwongozo mpya ukawekwa mtandaoni bila malipo. Google iliufungulia umma mwongozo wake wa nyaraka za wasanidi programu mwaka 2017, chini ya leseni ya Creative Commons inayokuruhusu kunakili na kubadilisha mradi umtaje mwenye kazi. Wa IBM ulitoka kama kitabu mwaka 2011. Nyuma ya wote yuko babu yao, The Chicago Manual of Style wa mwaka 1906, ulioandikwa kwa ajili ya wachapaji wa vitabu kabla mtu yeyote hajawaza kitufe cha skrini. Mpaka leo Google ikikosa jibu kwenye mwongozo wake huwaelekeza waandishi wake Chicago kwa mambo ya lugha ya kawaida, na kwa mambo ya kiufundi huwaelekeza kwa Microsoft. Washindani wa sokoni, lakini kwenye koma na herufi kubwa wanaazimana.

Ninachojiuliza ni hiki: ukishauchukua mwongozo wa wengine, unabadili nini, na kwa haki gani?

Wengi huanza kwa kunakili mwongozo mzima na kuuhariri: wanafuta hapa, wanaongeza pale, wanaweka nembo yao juu. Kazi hiyo inaridhisha kwa sababu mwisho wake unaonekana, kuna hati nene yenye jina lenu. Tatizo lake huja baadaye. Aliyenakili mamia ya kurasa amerithi pia kazi ya kuzitunza, na hakuna aliyeajiriwa kuzitunza. Waandishi wa awali wanaendelea kusahihisha wao, nakala yenu imesimama palepale, na mtu akiuliza ninyi mmetofautiana nao wapi, hakuna awezaye kumjibu bila kusoma hati mbili sambamba mstari kwa mstari.

Red Hat walifanya vingine. Waliuacha mwongozo wa IBM ulivyo na kuandika nyongeza, hati inayosema tu yale ambayo mwongozo wa IBM hauyasemi, au ambayo wao wanayafanya tofauti. Google nayo inaweka ngazi wazi: kwanza fuata kanuni za mradi wako, kisha mwongozo huu, kisha marejeo ya nje. Naupenda mpangilio huo kwa sababu unakulazimisha kukiri kwamba sehemu kubwa ya mambo huna cha kuongeza. Ukibaki na kurasa kumi za tofauti zako, kila mstari humo unaonekana na unaweza kudaiwa sababu.

Sababu ndiyo roho ya jambo lenyewe. Mwongozo wa uandishi husomwa kama kitabu cha sarufi, lakini kazi yake hasa ni kuamua nani abebe mzigo. Waandishi watano wakikubaliana kuandika "bofya", wale wawili waliokuwa wakipenda "bonyeza" wamepoteza kitu wanachokipenda ili msomaji asipoteze muda akijiuliza kama kubofya na kubonyeza ni vitendo viwili. Ni kujinyima kudogo, kwa ajili ya mtu usiyemwona. Marekebisho ya mwongozo, kwa bahati mbaya, ni mlango wa nyuma ambao ladha zile zilizotolewa nje huweza kurudi zikiwa zimevaa kanzu ya "mazingira yetu". Kila pendekezo la kubadili kanuni linastahili kuulizwa: linamfaa msomaji, au linamfurahisha anayelileta? Majibu ya kweli huwa ya aibu kidogo.

Hata hivyo mazingira yetu yapo, na ukiichukua miongozo hii ya Kiingereza ili uandike maelezo ya programu kwa Kiswahili, utakuta kanuni kadhaa hazina pa kukaa. Microsoft wanapenda maneno ya mkato ya Kiingereza, kama "it's" badala ya "it is", kwa sababu yanafanya maandishi yasikike kama mtu anaongea. Kiswahili sanifu hakina mkato wa namna hiyo, kwa hiyo mhariri wa kwanza atafuta kanuni na kuendelea. Mimi ningemshika mkono. Kanuni imekufa, sawa, lakini nia yake ilikuwa nini? Ilikuwa kumwondoa mwandishi kwenye lugha ya ofisini. Na lugha ya ofisini tunayo, tena iliyoshiba: "mhusika anatakiwa kuhakikisha kuwa taarifa zote husika zimejazwa kikamilifu." Nia ya Microsoft inahamia hapo. Sentensi ile inakuwa "jaza sehemu zote", na kanuni ya Kiingereza imepata uhai wa pili mahali ambapo waandishi wake hawakupajua.

Kanuni ya jinsia ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Miongozo ya Kiingereza imetumia wino mwingi kueleza namna ya kumtaja mtumiaji bila kumfanya mwanamume, kwa sababu lugha yao inawalazimisha kuchagua. Sisi kiambishi "a-" kilitumalizia kesi hiyo zamani: anaingia, anahifadhi, anatoka, awe nani awe nani. Ni rahisi kupumua na kusema haituhusu. Lakini tazama mifano iliyomo kwenye nyaraka zetu. Mhasibu ni Bwana Juma. Karani anayemletea fomu ni Asha. Anayekosea namba ya siri ni mzee wa kijijini, na kuna sentensi isemayo kwamba mfumo ni mwepesi kiasi kwamba "hata mama muuza mboga" anaweza kuutumia. Mama muuza mboga akiisoma sentensi hiyo, na ataisoma maana simu anayo, ameshajua mwandishi alikuwa akizungumza na nani na akizungumza juu ya nani. Nia ya kanuni ilikuwa kwamba asiwepo msomaji anayejikuta nje ya mlango. Kwetu mlango huo uko kwenye mifano na kwenye neno "hata".

Uko pia kwenye "tu". Mwongozo wa Google unamkataza mwandishi kuita jambo rahisi au jepesi, kwa sababu aliyeshindwa nalo atajiona mjinga. Kwa Kiswahili katazo hilo halitoshi likiishia kwenye neno "rahisi". "Bofya tu hapa, kisha weka tu namba yako" ina dharau ileile, na kamusi haiwezi kukuonyesha.

Sasa "tafadhali". Google hawalitaki neno hilo katika maelezo ya kawaida ya hatua. Microsoft wanaliruhusu pale programu inapomtaka mtumiaji afanye jambo la usumbufu, au pale kosa ni la programu yenyewe. Mswahili akikutana na kanuni hii mara ya kwanza hushtuka. Kwetu mtu haambiwi "lete" hivi hivi, sembuse na asiyemjua, na wapo waandishi, hasa wenye malezi ya pwani, ambao "ingiza" huwakwaruza sikio na wangependa angalau "uingize". Nawaelewa. Lakini hebu fuata hatua kumi na mbili za kusajili kifaa, kila moja ikianza na "Tafadhali", huku umeshika simu kwa mkono mmoja na kitambulisho kwa mwingine. Ikifika ya tano jicho linaliruka neno, na ikifika ya tisa linaruka na kitenzi kinachofuata. Mgeni hupiga hodi mlangoni. Hapigi hodi kila anapohama kiti. Kwa hiyo adabu iwekwe mwanzoni, "Ndugu mteja" ama salamu nyingine ya aina hiyo, halafu hatua zitoke kavu: ingiza, chagua, thibitisha. "Samahani" na "tafadhali" zihifadhiwe kwa ajili ya pale mfumo unapomchelewesha mtu au kumrudisha nyuma. Hapo mwongozo wa wageni na malezi yetu vinakutana, ingawa kila kimoja kimefika kwa njia yake.

Na hodi nayo ina bei. "Ndugu mteja" pamoja na koma na nafasi yake ni herufi 13, na ujumbe mfupi wa simu unabeba 160.

Nimekaa sana kwenye jumbe fupi kwa sababu huko ndiko Waswahili wengi wanakozisomea programu. Maelezo ya mfumo wa malipo hayako kwenye tovuti yenye menyu upande wa kushoto. Yako kwenye meseji na kwenye menyu ya nyota na reli, ambayo kila skrini yake haizidi herufi 182. Mwongozo uliotungwa kwa kurasa za wavuti hauna habari na dunia hiyo. Chukua jambo linaloonekana la kipuuzi kuliko yote, ritifaa. Chicago, kwa heshima ya wachapaji, hupenda ritifaa iliyopinda, na programu za kuandikia huipinda zenyewe bila kuulizwa. Mwandishi anaandaa ujumbe: malipo ya king'amuzi yamepokelewa. Anauandika kwenye programu hiyo, ritifaa ya ng' inapindwa, ananakili, anabandika kwenye mfumo wa kutuma. Ujumbe una herufi 140, anajua umetosha.

Haukutosha. Ritifaa iliyonyooka imo katika jedwali la alama za GSM ambalo jumbe fupi hulitumia, iliyopinda haimo. Alama moja tu ikiwa nje ya jedwali, ujumbe mzima huhamishiwa kwenye usimbaji mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70, na ukivuka hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wa herufi 140 unaondoka ukiwa vipande vitatu, na mtumaji analipia vitatu, mara wateja wote. Hakuna aliyekosea tahajia. Kanuni ya wachapaji wa karatasi imepita ndani ya lugha yenye ng' nyingi, ikafikia mtandao wa simu, na njiani hakuna aliyesimama kuuliza inatokea wapi. Nyongeza ya mwongozo kwa Kiswahili inapaswa kusema wazi: ritifaa inyooke daima, na programu ya kuandikia izimwe tabia yake ya kuipinda.

Saa nayo. Miongozo ya Kiingereza hueleza namna ya kuandika asubuhi na jioni na kanda za saa, na haijui kwamba kuna mamilioni ya watu ambao saa yao ya kusema imetofautiana kwa saa sita na ile iliyo mkononi mwao. "Mfumo utafungwa kwa matengenezo saa 8 usiku" ni Kiswahili safi, na simu ya msomaji itaonyesha 02:00. Aliyezoea kusoma skrini anaweza kudhani ni 20:00. Dawa yake ni fupi, andika zote mbili: saa 8 usiku (02:00). Hilo sipotezi muda kulitetea.

Ninachopenda kukitetea zaidi ni kanuni ambayo watu wanaifuata kwa mdomo tu, ile ya kutumia kauli ya kutenda. Kila mwongozo wa Kiingereza unayo: mtaje anayetenda. Mhariri wa Kiswahili anaitafsiri kuwa "epuka -wa", anapita kwenye hati akiwinda imefutwa na imetumwa, na kazi anaiona imeisha. Lakini Kiswahili kina maficho mengine. "Muamala umeshindikana." "Faili limefutika." "Hitilafu imetokea." Hakuna "-wa" hata moja, na hakuna mtu. Muamala umejishinda wenyewe, faili limejiendea, hitilafu imezuka kama mvuke.

Fikiria anayesoma sentensi ya kwanza. Yuko kwenye kibanda cha wakala, nyuma yake watu wanne, ametuma ada ya mtoto. Ujumbe unamwambia muamala umeshindikana. Anachotaka kujua ni kama pesa yake imetoka. Akijaribu tena, atakatwa mara mbili? Wa kumwuliza ni benki, kampuni ya simu, au shule? Sentensi imenyamaza yote matatu, kwa sarufi isiyo na kasoro. Nia ya kanuni ya kauli ya kutenda, ukiifuata mpaka mwisho, inataka hivi: "Benki yako imekataa muamala huu. Pesa haijatoka kwenye akaunti yako. Piga simu benki kabla ya kujaribu tena." Ni ndefu zaidi. Na kuiandika kunahitaji mwandishi aende kwa watengenezaji akaulize mfumo unajua nini hasa wakati huo, na mara nyingine jibu ni kwamba mfumo haujui kama pesa imetoka, na hilo nalo lisemwe. Kwenye sentensi hiyo moja kanuni ya uandishi imegeuka kuwa suala la uwajibikaji, na naona ndiko ilikokuwa ikielekea tangu mwanzo.

Kuna pia ukimya wa mwongozo. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo hakuna ukurasa wa kukuambia kama ni faili hili au faili hii, data hizi au data hii, na kama wingi wake ni mafaili. Nyongeza yenu itabidi iamue na kushikilia, hata kama nusu ya chumba haikubali. Zito zaidi ni sentensi zenye pengo, zile ambazo programu huzijaza yenyewe. Kwa Kiingereza mtengenezaji anaandika sentensi moja yenye maana ya "kitu chako kimetumwa", anaacha pengo mahali pa kitu, na imekwisha. Kwa Kiswahili pengo hilo linatawala sentensi nzima: ankara yako imetumwa, mkataba wako umetumwa, cheti chako kimetumwa, ombi lako limetumwa. Ukitafsiri sentensi moja tu utapata "mkataba yako imetumwa", na mteja atajua papo hapo kwamba anaongea na mashine iliyofundishwa na mtu asiyejali. Njia ya kutoka ni kuijenga sentensi ili pengo lisitawale kitu: "Tumetuma: mkataba." "Idadi ya faili zilizofutwa: 5." Haina mvuto, lakini haivunji sarufi, na ni kanuni ambayo lazima iwafikie waandika msimbo kabla hawajaandika, maana ikimfikia mtafsiri tu imechelewa.

Hatuna haja ya kujifanya kwamba haya ya kusanifisha kwa ajili ya wengi ni mageni kwetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kupitisha maandishi na tahajia kwa ajili ya maeneo yote manne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Faida yake tunaila mpaka leo, makala hii ikiwamo. Gharama yake ililipwa Mombasa na Lamu, kwa watu walioambiwa kwamba Kiswahili chao chenye ushairi wa karne nyingi sasa ni lahaja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi kwa Kiswahili, swali lilirudi kwa sura ndogo: istilahi za nani? Mkenya aliyesoma tarakilishi na nambari shuleni na Mtanzania wa kompyuta na namba wataelewana kwenye kikao, lakini kisanduku cha kutafutia ndani ya nyaraka hakiwaelewi wote wawili. Nyongeza ya mwongozo haiwezi kumaliza mgogoro huo. Inaweza kuandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba hati hizi zinawalenga wasomaji wa wapi, na kumwachia wa kwingine heshima ya kujua hakusahaulika kwa bahati mbaya.

Siku hizi sehemu ya kazi hii hufanywa na programu. Vale, mojawapo ya zinazotumika sana, hukagua maandishi kwa kutumia kanuni zilizofungashwa, kuna kifurushi cha Google na kuna cha Microsoft, na kuzima kanuni ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio: Microsoft.Contractions = NO. Wepesi huo unanitia wasiwasi. Mstari umezima kanuni na haujasema nia imehamishiwa wapi. Mwandishi atakayekuja baadaye ataona NO, atadhani lilikuwa suala la ladha, na sentensi ya "mhusika anatakiwa kuhakikisha" itarudi kimyakimya. Faili lenyewe linakubali maelezo, alama ya reli mwanzoni mwa mstari inatosha: Kiswahili hakina mkato huu, tazama kanuni yetu ya lugha ya ofisini.

Ndiyo maana nikipewa nyongeza ya namna hii kuipitia, naanza na mistari isiyo na sababu, kanuni iliyozimwa na hakuna maelezo, neno lililopigwa marufuku na hakuna aliyetaja nani aliumia. Naifuta kwa rasimu na kuizungusha rasimu hiyo kwa kila mtu, wakiwamo wanaopokea simu za wateja, ambao kwa kawaida huwa hawaalikwi kwenye vikao vya uandishi. Mistari mingi huondoka na hakuna anayelalamika. Michache hurudi, na anayeirudisha mara nyingi ni mtu wa huduma kwa wateja, akiwa na mfano wa simu aliyoipokea Jumatatu.